Acha flashi, fuata kinyesi: kumpiga picha bundi wa msituni

Wengi wanaotaka picha ya bundi huanza kwa kununua flashi na tochi kubwa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Bundi ni wa usiku, sawa, lakini picha yake inayofaa kutundikwa ukutani hupatikana mchana, na hasa katika ile nusu saa ya magharibi ambapo ameshaamka na bado hajaondoka. Ukimfuata usiku wa manane utarudi na macho mawili yanayowaka kama taa za bajaji, jani moja jeupe mbele ya uso wake, na tawi tupu katika picha zote zinazofuata.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kujua anapolala. Kamera inakuja baadaye.

Nawazungumzia bundi wa miti ya kwetu, si wale wa mapaa na minara. Anayepatikana kirahisi zaidi ni Strix woodfordii, bundi wa msitu wa Afrika: urefu wa sentimita 30 hadi 35 hivi, kichwa cha mviringo kisicho na manyoya ya masikio, macho meusi, tumbo la mistari ya kahawia na nyeupe. Yupo Usambara, yupo kwenye miti mikubwa ya kandokando ya mito, yupo hata Karura ndani ya Nairobi. Mgumu wao ni Otus ireneae, bundi mdogo wa Sokoke, ambaye anajulikana hasa kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke kati ya Kilifi na Malindi, na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki upande wa Tanzania. Ana sentimita 16 hivi na gramu 50 tu, uzito wa yai la kuku wa kienyeji. Wapo wa kijivu, wapo wa kahawia, na wapo wa rangi ya kutu kabisa, na wote ni aina moja.

Arabuko-Sokoke usiingie kichwakichwa. Msitu ule una sura tatu. Kuna miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, kuna mchanganyiko wenye mbambakofi, na kuna vichaka vizito vya mfunda, yaani Cynometra, kwenye udongo mwekundu. Bundi wa Sokoke ni wa huko kwenye mfunda. Ukiona mchanga mweupe chini ya viatu na anga pana juu yako, bado hujafika. Subiri udongo ugeuke mwekundu na matawi yaanze kubana njia. Na uende na kiongozi wa msitu anayewajua bundi wenyewe. Jozi moja ina sehemu kadhaa za kulala na huzibadilisha, kwa hiyo alama ya GPS uliyopewa na rafiki mwaka jana haina maana. Tena mle ndani kuna ndovu, na ndovu kwenye kichaka cha mfunda humwoni mpaka umemkaribia mno. Kazi ya kiongozi si kumwona bundi tu. Ndiye atakayekwambia leo upande huu hatupiti.

Kwa bundi wa msitu wa Afrika unaweza kutafuta mwenyewe, na cha kutafuta ni kinyesi. Tembea ukitazama chini na majani ya vichaka, si juu. Kinyesi cha bundi hudondoka wima na kujilundika mahali pamoja, kama mtu kamwaga chokaa kidogokidogo. Cha kipanga hurushwa pembeni kwa mistari mirefu. Kilicho kibichi kina ung'avu wa maji, cha zamani kimekauka na kinabanduka ukikigusa kwa ukucha. Karibu yake tafuta vidonge vya matapishi: vina umbo la punje kubwa ya tende, vyeusi na vya kuteleza vikiwa vipya, vya kijivu na vyepesi vikikauka. Kipasue kimoja kwa kijiti. Ukikuta mabawa magumu ya mende wa msituni, miguu ya panzi na labda fuvu dogo la panya, jibu unalo, na yuko juu ya kichwa chako au alikuwa hapo jana. Sasa ndipo uinue macho, taratibu, ukianzia kwenye shina na kutoka nje. Bundi huyu hupenda kukaa karibu na shina au ndani ya mtambaa uliofunga, mara nyingi wawili wakiwa bega kwa bega.

Njia nyingine ni kusikiliza mazomeo. Shorewanda, chozi na wenzao wakimgundua bundi mchana humzunguka na kumpigia kelele bila kuchoka. Kelele hizo zina mdundo wake: kali, fupifupi, na hazihami. Kama zinahama, wanamzomea nyoka au paka. Kama zimeganda sehemu moja kwa dakika kumi, nenda ukaangalie, ila usimame mbali. Ndege aliyezomewa ameshakasirika kabla hujafika.

Kumchezea sauti yake kwa simu ili ajitokeze, mimi nasema hapana. Akisikia mwenziwe ndani ya eneo lake huacha maficho, hujitokeza peupe mchana ambapo kipanga anamwona, na hutumia nguvu zake kumtafuta mpinzani ambaye hayupo. Fanya hivyo na wageni wanne kwa wiki, msimu mzima, kwenye jozi ileile iliyo karibu na barabara, na usishangae jozi hiyo ikihama. Panya wa kufungwa kamba kama chambo nao ni vivyo hivyo: unamfundisha bundi kuja kwa watu, na katika nchi ambazo bundi huuawa kwa mawe kwa sababu ya mikosi, kumzoesha watu ni kumwua polepole.

Sasa umempata. Kabla ya kugusa kamera, msome. Bundi wa msitu aliyetulia amejivimbisha kama mpira, mguu mmoja ameuficha tumboni, jicho moja limefumba. Akikuona atafungua macho yote mawili, halafu mwili utaanza kusinyaa na kurefuka. Hapo ndipo usimame, hata kama bado uko mbali. Hesabu hadi mia mbili bila kusogea. Akijivimbisha tena, umeruhusiwa hatua mbili. Akianza kuyumbisha kichwa kushoto na kulia, anapima umbali wako. Akiinama mbele na kutoa kinyesi, ameshaamua kuondoka na wewe umechelewa.

Kwa bundi mdogo wa Sokoke watu wengi husoma kinyume. Picha inayosambaa sana ni ile amesimama wima, mwembamba kama kijiti, masikio yamesimama, macho yamekuwa nyufa mbili. Maelezo chini yake huandikwa "amelala". Hajalala hata kidogo. Huko ni kujificha: anajifanya gome la mti kwa sababu kuna kiumbe mkubwa mbele yake. Bundi huyo akilala kweli ni donge la manyoya, masikio hayaonekani, na si wa kuvutia sana. Ukipata picha ya masikio, jua umeshamsogelea kupita kiasi. Piga mbili tatu urudi nyuma.

Umbali wenyewe: kwa bundi wa Sokoke, ambaye hulala chini, wakati mwingine usawa wa kichwa cha mtu, mita 5 hadi 6 zinatosha, na kichaka chenyewe hakikupi zaidi. Kwa bundi wa msitu anza na mita 15. Watu husogea karibu na mti wakidhani watapata picha kubwa, na hapo wanaharibu pembe. Chukua bundi aliye mita 8 juu. Ukisimama mita 5 kutoka shina unamtazama kwa nyuzi zaidi ya 50, unapiga kidevu na tumbo. Ukirudi hadi mita 20 pembe inashuka hadi nyuzi 18 hivi, na uso unaonekana kama uso. Usambara ina zawadi yake hapa: kwenye miteremko ya msitu wa Amani, Usambara Mashariki, unaweza kupanda upande wa juu wa njia ukajikuta usawa mmoja na tawi lililo juu ya watu walio bondeni. Dakika kumi za kupanda zina thamani kuliko lenzi mpya.

Majani yakiwa mbele, usikate wala kufunga tawi pembeni. Jani hilo ndilo nyumba yake. Linamkinga na jua na kipanga, na wewe ukiondoka litabaki limekatika. Sogeza kamera, sentimita 20 kulia, 10 chini, piga magoti, lala. Karibu kila kichaka kina tundu moja. Na kama jani liko karibu sana na lenzi yako na mbali na ndege, fungua tundu la lenzi hadi mwisho. Litayeyuka na kuwa ukungu wa kijani. Jani lililo nusu mita mbele ya uso wake halitayeyuka, hilo huna la kulifanya ila kuhama.

Tuje kwenye mwanga, maana ndipo picha nyingi hufia. Ndani ya kichaka kizito saa sita mchana mwanga ni mdogo kuliko macho yanavyokwambia. Kwa f/5.6 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo tundu ni pana zaidi) na ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) shata itabaki wazi 1/60 ya sekunde hivi. Jioni, dakika kumi baada ya jua kuzama, f/5.6 na ISO 6400 zitakupa takriban 1/15. Mtu akiona namba hizo hukimbilia flashi. Hakuna haja. Bundi ni mmoja wa wanyama wachache wanaokaa tuli kweli, na 1/15 inawezekana kabisa kwenye tripodi ukipiga mafungu ya picha sita sita. Katika sita, moja au mbili zitakuwa kali. Zilizobaki ama amevuta pumzi, ama tawi limepigwa na upepo, ama umebonyeza kwa nguvu. Futa bila huruma.

Lenzi ya milimita 300 hadi 400 inatosha. Ya 500 kwenye kichaka cha mfunda inaweza hata kukushinda, kwa kuwa lenzi nyingi za urefu huo hazifokasi chini ya mita 3 au 4, na mle ndani wakati mwingine huna pa kurudi nyuma. Muhimu kuliko urefu ni tundu. Lenzi ya f/2.8 inakupa mwanga mara nne ya f/5.6, yaani ile 1/15 inakuwa 1/60. Ila kumbuka gharama: kwa milimita 400, f/5.6, mita 6, kwenye kamera yenye sensa kubwa kamili, kina cha ukali, yaani sehemu inayoonekana kali mbele na nyuma ya ulipofokasi, ni sentimita 7 au 8 hivi. Ukifungua zaidi kinapungua. Kwa hiyo fokasi iwe kwenye jicho, kwa nukta moja, si kwa kuiachia kamera ichague, maana itachagua kijiti kilicho mbele yake kila mara. Kwenye giza fokasi ya kamera ikianza kwenda mbele na kurudi, zima, kuza picha kwenye kioo cha nyuma mara kumi, zungusha kwa mkono hadi mistari midogo ya manyoya kuzunguka jicho itengane. Kisha usiiguse tena.

Tripodi iwe chini kadiri unavyoweza, bila kuinua nguzo ya katikati, kwa sababu nguzo ikiinuliwa hutikisika kama antena. Kabla ya kuitua, angalia ardhi. Siafu hawajali kwamba unasubiri mwanga. Kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi, hasa lenzi za zamani, kuzime ukiwa kwenye tripodi. Injini yake hutafuta mtikisiko usiopo ikauzalisha yenyewe. Shata iwe ya kimya, ya kielektroniki, ukijua kwamba akigeuza kichwa ghafla picha itapinda. Mlio wa shata ya kawaida kwenye kichaka kitulivu ni kama kuvunja kijiti, na sikio la bundi limeumbwa kwa kuwinda gizani.

Kipimo cha mwanga hudanganya kwa njia mbili zinazopingana. Mchana, vipande vya anga nyeupe kati ya majani huifanya kamera ifikiri kuna mwanga mwingi, na bundi anatoka mweusi. Ongeza stopu 1 hadi 1.7 (stopu moja ni mwanga mara mbili). Magharibi kamera hutaka kuugeuza usiku kuwa adhuhuri, picha inang'aa bila sababu na chenga zinajaa. Punguza stopu 1, jioni ibaki jioni. Bundi wa msitu ana ugumu wa ziada: macho yake ni meusi, hayana ule mduara wa njano wa bundi wa Sokoke. Yasipokuwa na nukta ya mwanga ndani yake uso mzima unaonekana umekufa. Nukta hiyo inatoka angani, kwa hiyo jipange ili upenyo wa anga uwe nyuma yako, hata kama ni mdogo wa ukubwa wa sahani. Subiri auelekee.

Majani nayo hupaka kila kitu kijani. Manyoya ya kahawia hugeuka rangi ya mchele ulioota kuvu. Piga faili ghafi (RAW), weka rangi ya mwanga kwenye kelvini 5500 au 6000, na kabla hajaamka piga picha moja ya kadi ya kijivu ikiwa kwenye kivuli kilekile, chini, mbali naye. Nyumbani utarekebisha zote kwa mbofyo mmoja.

Saa zenyewe: pwani ya Kenya na Tanzania jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu na ushee, na karibu na ikweta giza haliji kwa mzaha, una dakika 20 hivi za mwanga unaotumika. Uwe umeshajipanga, fokasi tayari, ifikapo saa kumi na moja. Kuanzia hapo atafanya mambo kwa mpangilio unaotabirika. Atafumbua jicho. Atajikuna kidevu kwa ukucha. Atanyoosha bawa moja na mguu wa upande uleule, chini na nyuma, kama mtu aliyeamka mkekani, na hiyo ndiyo picha bora ya jioni yote. Hudumu sekunde mbili au tatu, kwa hiyo kidole kiwe kwenye kitufe tangu alipojikuna. Halafu bawa la pili. Atajikung'uta, pengine atatapika kidonge, akitikisa kichwa mdomo wazi. Kisha ataondoka. Kumpiga akiruka katika mwanga huo ni bahati nasibu, kwani 1/250 unayoweza kuipata haitoshi kusimamisha mabawa. Wengine huipenda picha hiyo yenye mabawa ya moshi. Sawa, ila usimpige tochi ili kuipata.

Kuhusu flashi, ukweli wa kiufundi ni huu. Macho huwaka kwa sababu mwanga unaingia na kurudi kwenye mstari mmoja na lenzi. Watu huweka flashi kwenye mkono wa chuma sentimita 30 juu ya kamera wakidhani wamemaliza tatizo. Kwa ndege aliye mita 10, hiyo ni nyuzi chini ya 2, hakuna tofauti. Ili uwe salama inabidi flashi iwe mita moja na nusu au zaidi pembeni, mkononi mwa msaidizi, kwenye nguvu ya 1/16. Na hata hapo unamulika jicho lililofunguka kwa ajili ya giza, kisha ndege huyo anaruka kati ya matawi akiwa haoni vizuri. Hii ndiyo sababu flashi yangu hubaki begini. Kama lazima umwone usiku, tumia tochi hafifu iliyofunikwa karatasi nyekundu, ukiishika mbali na lenzi, umguse kwa ukingo wa mwanga na si katikati yake, na uzime ndani ya dakika moja.

Pwani ina kero zake za vifaa. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ikitolewa moja kwa moja msituni inavaa ukungu nje na wakati mwingine ndani ya lenzi. Iache kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa nusu saa hadi joto lilingane. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki na mpira wa kamera. Pakaa mikono na shingo, kisha futa viganja kwa kitambaa chenye maji kabla ya kushika chochote. Koti la nailoni liache nyumbani, linanguruma kila ukiinua mkono. Shati la pamba lililofuliwa mara mia ndilo zuri.

Tundu lenye kinda usilipige picha kabisa, hata kutoka mbali kwa lenzi kubwa, kwa sababu njia unayoikanyaga kwenda na kurudi ndiyo njia atakayoifuata nyani au mtoto wa kijiji. Kinda lililo nje juu ya tawi, bado lina manyoya ya pamba na haliwezi kuruka sawasawa, ni la kawaida. Hata ukilikuta chini ya mti, liache. Hupanda lenyewe kwa kucha na mdomo, na mama yuko karibu anakutazama wewe.

Ukiwa karibu na nyumba za watu, mweleze mwenyekiti wa mtaa au mzee wa kijiji unachofanya kabla ya magharibi. Mtu mwenye tochi na bomba refu chini ya mti wa bundi anaweza kueleweka vibaya sana. Mwambie unapiga picha za ndege. Mti gani, usimwambie yeyote, kwani wapo wanaoamini bundi akilia nyumba ina msiba, na dawa yao ni jiwe. Tahadhari hiyo ifuate hadi mtandaoni. Zima GPS ya kamera na ya simu kabla ya kuingia, kwa sababu faili hubeba namba za mahali hata kama wewe hukuziandika. Kwenye programu ya kuhariri chagua kuondoa taarifa za mahali wakati wa kutoa picha, kisha fungua faili lililotoka uhakikishe hazimo. Kwenye maelezo andika Usambara, au Arabuko-Sokoke, uishie hapo. Na kama nyuma ya bundi kuna kibao cha njia au mti wenye umbo ambalo mwenyeji angelitambua, kata picha.